Siku ya Chumvi Haihami

Wale watu wa vigingi hawakupiga hodi. Niliwakuta asubuhi ndani ya shamba langu la chai wamevaa makoti ya rangi ya machungwa, mmoja ameinamia chombo cha miguu mitatu, mwingine anagonga kigingi chenye kichwa chekundu katikati ya mistari tuliyopanda na marehemu mke wangu.

"Nani amekufa?" nikawauliza.

Wakatazamana. "Hakuna mtu amekufa, mzee."

"Huku kwetu shamba likipimwa na mwenyewe hayupo, ujue amekufa na watoto wanagawana. Mimi niko hapa, nimekunywa chai na nimeshiba. Mnagawana nini?"

Yule wa nyundo akacheka. Akanieleza kwamba barabara ya lami inayotoka Kericho kuja Sotik itapanuliwa. Magari ya kwenda yatakuwa na upande wao na ya kurudi upande wao, na katikati patajengwa ukuta wa zege. "Ni maendeleo, mzee," akasema.

"Huo ukuta una mlango?"

"Ukuta wa barabara hauna mlango."

"Basi tutaongea," nikamwambia. Nikasimama kando ya kile kigingi mpaka wakafunga vyombo vyao wakaenda. Sikuking'oa. Kung'oa ni kazi ya watu wasio na maneno.

Kuna watu mpaka leo wanasema nilipinga barabara. Waseme. Mimi barabara naijua kwa mgongo. Nilipokuwa kijana na chai yangu ya kwanza, lori la kiwanda lilikuwa halifiki kwenye mgongo wetu wa kilima. Mvua ikinyesha linabaki kule chini kwenye lami, na sisi tunabeba magunia kichwani tukiteleza kwenye tope. Ukichelewa, majani yanapata joto ndani ya gunia, yanageuka rangi kama ugoro. Karani wa kituo cha kununulia chai anatia mkono, ananusa, anamwaga. Nimemwagiwa majani mbele ya mke wangu mara nyingi, na yeye ndiye alikuwa ameyachuma akiwa na mtoto mgongoni.

Tukaitana kokwet. Kokwet ni kikao cha majirani wa mgongo mmoja wa kilima. Mnakaa kwenye nyasi, mwenye neno analisema, na hakuna anayeenda nyumbani kabla neno halijaiva. Hatukuwa na pesa na hatukwenda kwa mtu yeyote kuomba. Tuliamua kila boma lichimbe kipande kinachotazama mlango wake. Kipande cha mjane tulichimba wote. Asiyeweza kuchimba alileta maziwa ya wanaochimba. Hivyo ndivyo barabara yangu ya kwanza ilipata pesa zake, na haikumdai mtu yeyote kitu ilipoisha.

Tulipofika mahali njia ya ng'ombe inakatiza kwenda kwenye chumvi, tukakwama. Ukingoni mwa mto wetu, ng'ambo ya lami, kuna ukuta wa udongo wa kijivu ambao ng'ombe wanaulamba. Hakuna aliyeuweka pale na hauna mwenyewe. Baba yangu aliniambia kwamba hata zamani watu wakipigana, mwenye kupeleka ng'ombe kwenye chumvi haguswi, na njia ya chumvi haifungwi. Aliyeifunga, maziwa ya boma lake yalikauka. Sasa sisi tulikuwa tunachimba barabara, na kingo zake zingekata ile njia. Mtu mmoja akasema tuichimbe tu, ng'ombe watazoea. Wazee wakamwangalia mpaka akanyamaza. Tukapinda barabara. Mpaka leo lori la kiwanda likifika kwenye hiyo kona linaguna kama mzee anayeinuka kwenye kiti, lakini linapita, na ng'ombe wanapita.

Kila upande wa kilima una siku yake ya chumvi, ili ng'ombe wasichanganyike na mafahali wasipigane. Yetu zamani ilikuwa Jumamosi. Kisha akaja jirani yangu Mkisii, akanunua shamba linalopakana na langu, boma lake karibu zaidi na lami. Yeye anashika Sabato. Jumamosi anavaa suti, anabeba Biblia, anaenda kanisani na nyumba nzima, na ng'ombe wake wanabaki wamefungwa wakilia huku wa kwetu wakishuka kwenda kulamba. Mke wake alikuwa anatazama kando kwa aibu. Tukakaa kokwet tukahamisha siku ya chumvi ikawa Alhamisi. Haikuchukua muda. Mzee mmoja alisema, "Ng'ombe hajui Jumamosi wala Jumapili, lakini anajua akiachwa." Basi. Tangu hapo, Alhamisi.

Baada ya vigingi, tuliitwa mkutano kwenye uwanja wa shule. Walisimika hema, viti vya plastiki, soda, na mashine ya kuonyesha picha kwenye shuka. Ilikuwa mchana na jua kali, kwa hiyo tuliona shuka tu. Aliyesimama kutueleza alikuwa injinia, mama kijana kutoka upande wa ziwa, sauti yake imara. Nilimpenda kwa sababu alipoona picha haionekani hakujifanya, alichukua kijiti akachora chini.

Alisema serikali haina pesa taslimu ya kazi kubwa hivi. Kwa hiyo kampuni itajenga kwa pesa zilizokopwa kwenye mabenki ya ng'ambo, halafu itaweka vizuizi na kutoza kila gari linalopita, mwaka baada ya mwaka, mpaka deni liishe na faida ipatikane.

"Mpaka lini?" akauliza mama mmoja.

"Muda mrefu, mama. Huenda mpaka watoto wako wawe na watoto."

Mkutano ukaguna. Mimi nikainua fimbo yangu.

"Injinia, magari yatalipa. Sawa, mwenye gari ana pesa ya gari. Ng'ombe yangu nayo italipa?"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. "Hapana, baba. Ng'ombe hatalipa."

"Itapita wapi?"

"Tumeweka daraja la miguu hapo juu kwa ajili ya wananchi."

"La miguu mingapi?"

Pale uwanja uliangua kicheko, hata chifu akaficha mdomo. Lakini mimi sikuwa nacheka. Nikamwambia ng'ombe mwenye mimba hapandi ngazi, na mama mwenye kikapu cha majani mgongoni hapandi ngazi mara nne kwa siku, maana siku hizi kituo cha kununulia chai kiko ng'ambo ile ile ya chumvi. Nikamwambia wapinde barabara kama tulivyopinda ya kwetu.

Alinijibu vizuri, na neno la haki nitalisema hata kama ni la upande wa pili. Alisema barabara ya mwendo huo haipindwi kwa ajili ya mahali pamoja, magari yataruka na watu watakufa. Nikaona anasema haki. "Basi nichimbie chini," nikasema. "Nipe njia ya chini, ng'ombe apite wima na mama apite na kikapu chake."

Akachora mstari chini kwa kile kijiti. "Kuichora naweza hata leo, baba. Lakini michoro imeshakwenda kwa wenye pesa na wameikubali. Nikiongeza kitu, wanarudi kuhesabu upya kila kitu. Pesa imefungwa."

"Iliyofungwa na mtu hufunguliwa na mtu."

"Si mimi niliyeifunga."

Nilirudi nyumbani nikifikiria hilo. Pesa yako mwenyewe unaiamrisha. Ya kukopa inakuja na macho yake, inajua inataka kuona nini na haitaki kuona nini, na hii ya barabara yetu haikutaka kuona ng'ombe.

Baada ya mkutano hawakutuita tena pamoja. Walianza kupita nyumba kwa nyumba, afisa wa ardhi na kijana wake wa mkoba, wanaongea na kila mtu peke yake, sebuleni, mlango umefungwa. Ukikubali kuuza kipande chako mapema, unalipwa mapema. Ukisumbua, faili lako linakwenda chini. Wakati huohuo, watu wengine walijenga vibanda vya mabati kwenye ardhi iliyowekwa vigingi ili walipwe vibanda. Mpwa wangu mmoja alijenga choo pahali ambapo hakuna mtu anaishi. Nikamuuliza, "Nani atanya hapo, vigingi?" Akakasirika nami, lakini akakibomoa.

Afisa alipofika kwangu nilimkaribisha, nikampa maziwa. Kisha nikafungua mlango wote na madirisha yote, nikaita majirani wakae uani.

"Mzee, hii ni habari ya shamba lako tu," akasema.

"Shamba ni langu. Njia si yangu. Huku hatuulizwi mmoja mmoja."

Akamaliza maziwa, akaondoka. Lakini watu walikuwa na wasiwasi, na wasiwasi ulikuwa juu ya jirani yangu Mkisii. Njia ya chumvi inashuka pembeni mwa shamba lake, na kama kutakuwa na njia ya chini, mdomo wa hiyo njia utafunguka shambani kwake. Akiuza peke yake bila sharti, habari imeisha. Gari la afisa lilionekana kwake zaidi ya mara moja. Minong'ono ikaanza. "Huyu si wa hapa. Atachukua pesa yake arudi kwao." Watu waliosema hivyo walikuwa wamesahau wamekula mahindi yake. Niliwaambia wangoje kokwet, mtu ahukumiwe akiwa amekaa mbele yetu.

Siku ya kokwet alikuja na mke wake. Wakakaa kwenye nyasi kama sisi sote. Mtu mmoja mwenye kidomo akaanza. "Jirani, tunasikia umekunywa chai nyingi na watu wa barabara."

"Nimekunywa," akasema. "Chai ni yangu, nimelima mwenyewe. Ulitaka ninywe soda?"

Watu wakacheka kidogo, wakangoja.

"Wamenipa bei nzuri," akaendelea. "Wameniambia, wewe si wa kabila lao, hawa watu watakugeuka siku moja, chukua mapema. Mke wangu alikuwa amekaa karibu. Muulizeni alijibu nini."

Mke wake hakuinua macho. Akasema, "Nilimwambia hivi, hawa watu walihamisha siku ya chumvi kwa sababu yetu. Wewe ulishawahi kusikia watu wanahamisha siku kwa sababu ya mgeni?"

Jirani akapiga goti lake kwa kiganja. "Mimi nitauza. Barabara inakuja, siwezi kuizuia kwa mikono. Lakini nitauza siku ile ile mtakayouza ninyi, na neno langu ni lile la mzee hapa. Bila njia ya chini, hawapati hata mche mmoja kwangu."

Yule mwenye kidomo alimpa mkono. Hakuna aliyepiga makofi, kokwet hatupigi makofi. Lakini pale ndipo tulipokuwa watu wa neno moja, na aliyelifunga fundo lenyewe alikuwa yule waliyemwita mgeni.

Tukangoja. Halafu chifu akaja kwangu jioni moja na pikipiki, hata kofia hakuvua. Alisema wenye pesa wenyewe wanakuja, wale wa ng'ambo, kuitazama njia kabla ya kuachilia mkopo. Watapita na msafara. "Wanapita Alhamisi, mzee. Naomba wiki hiyo mpeleke ng'ombe Ijumaa."

"Chifu, unajua siku ya chumvi?"

"Najua. Nimezaliwa hapa."

"Ilihamishwa mara moja tu, kwa ajili ya Mungu wa jirani yangu. Kwa ajili ya benki haihami."

"Mzee, utaniharibia kazi."

"Kazi yako haiharibiki na ng'ombe. Ingeharibika na ng'ombe, ingeshaharibika zamani, ulivyokuwa unachunga vibaya ukiwa mdogo."

Akaondoka akitingisha kichwa, lakini niliona bega lake linacheka.

Sisi hatukufanya maandamano. Hatukubeba mabango wala matawi. Alhamisi ilifika tukafungua mazizi kama Alhamisi nyingine yoyote, ng'ombe wa kila boma wakashuka kwenye njia, wa jirani yangu mbele kwa sababu yeye ndiye wa karibu, na wakaingia kwenye lami. Ng'ombe akinusa chumvi kwa mbali hana haraka na hana hofu. Anatembea kama mwenye nchi. Wakati wale wa katikati wanavuka, msafara ukatokea kwenye kona ya lami, magari makubwa meupe na taa zimewashwa. Ukasimama. Dereva wa mbele akapiga honi. Fahali wangu mweusi akageuka akamtazama, akasimama kabisa, akaanza kukojoa.

Wageni wakashuka. Injinia alikuwa pamoja nao, na chifu, na afisa wa ardhi ambaye uso wake ulikuwa umekuwa mgumu kama kuni. Mgeni mmoja, mzee wa nywele nyeupe kama zangu, akauliza kitu kwa Kiingereza. Injinia akanigeuzia kwa Kiswahili.

"Anauliza hawa ng'ombe wanavuka hapa mara ngapi."

"Mwambie mara moja kila wiki, tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Na mwambie wataendelea. Akijenga ukuta, wataupanda au watauzunguka, watatafuta pahali. Ng'ombe hajui ukuta umejengwa kwa mkopo."

Akamwambia. Sijui aliongeza nini, maana aliongea kwa muda mrefu kuliko mimi. Yule mzungu aliangalia ng'ombe, akaangalia ile kona, akaangalia magari yaliyoanza kujipanga nyuma yao mpaka hayaonekani mwisho. Akauliza tena, safari hii hakuniuliza mimi, alimwuliza afisa. Afisa akajikuna shingo. Injinia akafungua karatasi yake kubwa juu ya boneti ya gari, na wote wakainama.

Sitaki mtu aniambie walituonea huruma. Aliyekopesha haogopi laana ya chumvi, anaogopa hasara. Watu watalipa kupita kwenye barabara hiyo ili wakimbie. Wakikuta fahali katikati, hawatakimbia, na wasipokimbia hawatalipa. Yeye alihesabu kwa njia yake na sisi kwa yetu, tukakutana pale kwenye mkojo wa fahali wangu. Mimi ninayataka yangu, sina shida mtu ameyafikia kwa mlango gani.

Miezi ikapita na injinia akarudi na mchoro mpya. Akauweka chini kwenye nyasi mbele ya kokwet, akaweka mawe kwenye pembe ili upepo usiubebe. Njia ya chini ilikuwepo, sanduku la zege, refu la kutosha fahali na mama mwenye kikapu. Watu wakafurahi. Mimi nikauliza, "Itajengwa lini?"

"Kwenye awamu ya mwisho, baba, pamoja na mifereji."

"Hapana. Ya kwanza."

"Kazi ina utaratibu wake."

"Mama, mimi nimejenga. Nimeona nyumba nyingi hazijaisha kwenye hii kaunti. Zote zina sebule. Zote zimekosa choo. Kitu cha mwisho kwenye mpango ndicho cha kwanza kukatwa pesa ikipungua, na pesa hupungua. Kwanza shimo letu, halafu barabara yao. La sivyo hatusaini, wote, siku moja."

Jirani yangu akasema, "Wote, siku moja." Wakarudia, mmoja mmoja, mpaka neno likazunguka duara lote likarudi kwangu. Injinia akakunja mchoro wake. Aliniambia tukiwa peke yetu kando ya gari, "Baba, wewe ni mgumu." Nikamwambia, "Ningekuwa laini ningekuwa bado nachuma chai ya wengine." Akaenda akapigana vita vyake huko ofisini. Sikuwepo, lakini najua alipigana, kwa sababu alishinda.

Tulisaini. Mistari ya mke wangu iling'olewa. Nilisimama nikatazama mpaka kichaka cha mwisho, kwa sababu yeye asingekubali nigeuze uso. Na kabla hata trekta la barabara halijakwangua pahali pengine kwenye kilima chetu, walichimba pale, wakamimina zege, wakafukia juu wakashindilia. Kwa wiki nyingi hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kimejengwa, sanduku la zege katikati ya udongo mwekundu, linaingia huku na kutokea kule, halina barabara juu yake. Waliopita kwenda Kaplong waliuliza kama ni kaburi la mtu mkubwa.

Alhamisi ya kwanza tukashusha ng'ombe. Wakafika mdomoni mwa lile sanduku. Wakasimama. Wakanusa zege. Wakakataa.

Tuliwapiga, wakakataa. Tuliwavuta, wakalala chini. Vijana wa kampuni wakasimama juu wakitoa simu kupiga picha. Yule mwenye kidomo akapiga kelele, "Mzee! Ng'ombe zako hazitaki barabara yako! Rudisha!"

"Hawajui tu," nikasema, lakini nilikuwa najua wananicheka mpaka Kipkelion.

Jirani yangu hakucheka. Alizunguka juu akaenda mtoni, akarudi na debe la udongo wa kijivu begani, nguo zake za kazi zimechafuka. Akaliweka mbele yangu. Nikavua viatu. Nikaingia mimi kwanza, nikiinama ingawa hapakuwa na haja ya kuinama, nikinyunyiza ule udongo kwenye sakafu kama mtu anayepanda mbegu za wimbi, konzi kwa konzi, mpaka ng'ambo. Kulikuwa na baridi humo ndani na sauti yangu ilinirudia. Nilipotokea upande wa pili nikaona mto, na ukuta wa chumvi, na kituo cha chai. Nikageuka nikaita jina la ng'ombe wangu mkubwa, kama ninavyomwita wakati wa kukamua.

Alinusa. Akalamba sakafu. Akapiga hatua, akalamba tena. Hivyo hivyo, ulimi na mguu, ulimi na mguu, akapita, na waliokuwa nyuma yake wakanusa na kumfuata, na fahali mweusi wa mwisho kabisa, pembe zake zikikwaruza ukuta mpya wa zege.

Nikapanda juu, pahali magari yatapita. Palikuwa udongo tu, umekauka, na vigingi vyao vichwa vyekundu vimesimama mstari mpaka macho yanaposhindwa. Injinia alikuwa pale, mikono kiunoni.

"Umeridhika sasa, baba?"

Nikasikiliza kwanza. Chini ya miguu yetu kulikuwa na kwato.

"Sasa mlete barabara yenu," nikamwambia.